Jiko la Mkaa Chumbani na Maana ya Elimu ya Mazingira

Ifikapo Juni na Julai, baridi ya Mufindi, ya Iringa mjini na ya miinuko ya Mbeya huwa kali, na katika nyumba nyingi jiko la mkaa lililopikia chakula cha jioni huingizwa chumbani ili watoto wapate joto. Mlango hufungwa, nyufa za dirisha huzibwa kwa matambara. Mkaa usiopata hewa ya kutosha hutoa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, ambayo hushikamana na himoglobini kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni mara 200. Waliolala humo huweza wasiamke.

Hapo ndipo maana ya elimu ya mazingira ipasapo kutafutwa. Kwa muda mrefu elimu hiyo imedhaniwa kuwa ni siku ya kupanda miti na hotuba ya mgeni rasmi (miti yenyewe mara nyingi haikioni kiangazi cha pili). Mkutano wa Tbilisi wa mwaka 1977 ulikusudia mapana zaidi: mwamko, maarifa, mtazamo, stadi na ushiriki. Hewa ya chumba cha kulala nayo ni mazingira.

Mhudumu wa afya anayepokea watu watatu wa nyumba moja, asubuhi moja, wote wakilalamikia kichwa, kizunguzungu na kichefuchefu, kisha akaishia kupima malaria, hakukosa bidii. Amekosa swali moja tu: usiku mliota moto gani? Kifaa cha kidoleni cha kupimia oksijeni nacho chaweza kumhadaa, kwani husoma damu iliyobeba gesi hiyo kana kwamba imebeba oksijeni. Mgonjwa apewe oksijeni bila kusubiri, na waliobaki nyumbani wafuatwe.

Kumkaripia mama si kumwelimisha. Moshi anaujua, maana humwasha macho. Asichoambiwa ni kwamba makaa mekundu yasiyotoa moshi huua kimya. Na hata akiambiwa, baridi ingalipo. Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia umelenga kuwafikia asilimia 80 ya Watanzania ifikapo 2034, nalo ni jambo jema. Ila katika Nyanda za Juu Kusini jiko hupika na pia huotwa, na jiko la gesi likiwashwa usiku kucha katika chumba kilichofungwa si salama. Blanketi zito, na jiko libaki nje: ushauri huu hauchukui hata dakika mbili za kliniki ya mama na mtoto, nao wafaa utolewe mwezi Mei.