Hatari ya Baharini Isilipwe na Mkulima wa Parachichi

Msimu mkubwa wa parachichi (au ovakado, kama wengi tunavyoita) huanza Machi hivi na kuendelea hadi Septemba. Katika miezi hiyo wakulima wa Murang'a, Kiambu, Kisii na Meru huulizana swali moja: "Wewe umelipwa?" Matunda yalichumwa, lori likaondoka, na mnunuzi akipigiwa simu anasema, "Kontena halijafika ng'ambo. Likifika nitakutumia."

Maoni yangu ni haya: jibu hilo tusilikubali tena. Mkulima akishauza tunda, likapimwa na kupakiwa, malipo yake yasingoje meli. Ili uone kwa nini nasema hivi, kwanza tuangalie lile kontena linafanya kazi vipi.

Kontena la friji si mashine ya kupoza

Wengi hudhani ukiweka matunda yenye joto ndani ya kontena la friji, litayapoza. La. Kazi yake ni kutunza baridi ambayo tayari ipo. Matunda hupozwa kwanza kwenye kituo cha kufungashia hadi nyuzi 5 au 6 hivi, ndipo yapakiwe. Kontena moja la futi 40 hubeba zaidi ya katoni 5,000 za kilo 4, yaani zaidi ya tani 20.

Kutoka hapo kila kitu kinategemea umeme. Barabarani kuna jenereta, bandarini Mombasa kontena huchomekwa kwenye plagi, na melini linatumia umeme wa meli. Tunda lililochumwa bado linapumua na kutoa joto, kwa hivyo umeme ukikatika saa kadhaa, linaanza kuiva njiani. Baridi nayo ikizidi, ganda na nyama ya ndani huharibika. Makontena mengine hupunguza oksijeni na kuongeza kaboni dioksidi ili tunda "lisinzie" hadi lifike.

Vyakula vilivyogandishwa ni hadithi nyingine. Samaki au nyama kwenye nyuzi 18 chini ya sifuri inaweza kungoja miezi. Mwaka 2019 China ilikubali kununua parachichi zetu kwa njia hiyo: zimenywe, zigandishwe kwa nyuzi 30 chini ya sifuri, kisha zisafirishwe kwa nyuzi 18 chini ya sifuri. Shida ni kwamba mitambo hiyo ni ghali na wauzaji wengi hawakuwa nayo. Ruhusa ya matunda mabichi ilikuja 2022, na mzigo wa kwanza ukaondoka Agosti mwaka huo. Lakini tunda bichi lina saa inayohesabu. Kila siku ya baharini ni siku moja imetolewa kwenye maisha yake dukani.

Safari imekuwa ndefu

Tangu Novemba 2023, meli zilipoanza kushambuliwa kwenye Bahari ya Shamu, kampuni nyingi za meli ziliacha njia ya Suez na kuzunguka Rasi ya Tumaini Jema, kule kusini kabisa mwa Afrika. Kwa mzigo wa Mombasa kwenda Rotterdam, hiyo ilimaanisha takriban wiki mbili zaidi. Safari ya kama mwezi mmoja ikawa mwezi na nusu. Nauli ikapanda, na matunda mengine yakafika laini.

Sitaki kuwaonea wauzaji wa nje. Hasara hiyo ni ya kweli. Mara nyingi wao wenyewe hupeleka mzigo Ulaya bila bei kamili, wakangoja uuzwe ndipo wajue wamepata nini. Bima nazo nyingi hazilipi hasara iliyotokana na kuchelewa peke yake, hata kama meli imechelewa kwa sababu ya vita.

Basi nani abebe hasara?

Nilisomea masoko, na kanuni moja ya biashara iko wazi: anayebeba hatari ndiye anayestahili faida ikipatikana. Sasa tazama mkulima. Tuseme umeuza matunda 4,000 kwa shilingi 15 kila moja. Hiyo ni shilingi 60,000. Bei ikipanda maradufu kule Ulaya, hakuna mtu atakupigia akuongezee. Utabaki na 60,000 zako. Lakini matunda yakifika laini, unaambiwa mzigo umeharibika, chukua 30,000. Juu hupandi, chini unashuka. Huo ni mchezo gani?

Halafu kuna jambo la ushahidi. Muuzaji wa nje ana rekodi ya joto la kontena kutoka mwanzo hadi mwisho. Akiona baridi ilikatika, anaweza kumdai mwenye meli au kampuni ya bima. Wewe huna rekodi hiyo, hujui hata namba ya kontena. Ukiambiwa "iliharibika", huna namna ya kujua kama ni kweli, wala kama kontena hilo lilikuwa na matunda yako. Hatari ikae kwa yule anayeweza kuiona, kuiwekea bima na kuidai.

Mkulima naye ana wajibu wake

Kuna sehemu moja ambayo kosa huwa letu sisi wa shambani, nayo ni kuchuma tunda changa. Parachichi haliivi mtini. Hukomaa mtini, kisha huiva baada ya kuchumwa. Likichumwa kabla ya kukomaa, hakuna kontena litakalolisaidia. Litafika Ulaya limenyauka na kuwa gumu kama mpira. Ndiyo maana mamlaka ya kilimo, AFA, husimamisha usafirishaji kwa meli msimu unapoisha. Kwa Hass hutaka kipimo cha kitu kikavu kisipungue asilimia 24, yaani kile kinachobaki ndani ya tunda baada ya kuondoa maji.

Broka anayekuja Januari na pesa mkononi akitaka kuchuma kila kitu anajua hilo vizuri. Pesa yake ni tamu siku hiyo, lakini mnunuzi wa ng'ambo akipata mzigo mchanga mara moja, msimu ujao anaagiza Peru. Kwa hivyo ukitaka kulipwa bila kungoja meli, toa tunda lililokomaa, na likataliwe pale pale shambani au kwenye kituo, mbele ya macho yako, kama halifai.

Mambo ya kukubaliana kabla ya kuchuma

1. *Idadi au kilo, na bei.* Yaandikwe kwenye karatasi au hata kwa meseji: matunda mangapi, bei gani, yaliyokataliwa ni mangapi.

2. *Malipo kwa tarehe.* "Kontena likifika" si tarehe. Kwa ile 60,000, unaweza kuomba 42,000 siku ya kupakia na 18,000 ndani ya siku 14. Mnunuzi makini anaweza kupanga hivyo.

3. *Pesa iingie kwa simu yako.* Pesa taslimu haiachi alama. Muamala wa simu una tarehe, saa na jina la aliyetuma. Mkikosana, taarifa ya miamala yako ndiyo shahidi.

4. *Angalia salio kabla lori halijaondoka.* Meseji pekee haitoshi, kwa sababu meseji bandia zipo. Salio ndilo huthibitisha. Na aliyetuma akikupigia aseme "nimekosea, nirudishie", usitume mwenyewe. Mwambie afuate utaratibu wa kurudisha pesa kupitia huduma kwa wateja.

5. *Usitume "ada ya bandari".* Mkulima halipi ushuru wa kontena wala stima ya plagi pale Mombasa. Anayekuomba hiyo pesa ili "mzigo wako uachiliwe" anakuibia.

6. *Uzeni kama kikundi.* Mkulima mmoja mwenye miti 20 hana sauti. Wakulima 50 wanaoweza kujaza lori moja wanasikilizwa, na masharti yao ya malipo pia.

Wapo watakaosema ukiwa mkali hivi, wanunuzi watakukimbia. Wachache watakimbia, hasa wale waliokuwa wanatumia pesa yako kama mkopo usio na riba. Lakini anayehitaji katoni 5,000 za matunda yaliyokomaa wiki hii hawezi kumkimbia kila mtu. Msimu huu, kabla hujaruhusu mtu kupanda mti wako, muulize: utanilipa tarehe ngapi?