Grinda Kuukuu Haijapona kwa Sababu Mota Inazunguka



Katika karakana nyingi za mashamba ya miwa na chai iko grinda moja ambayo hakuna anayejua ilinunuliwa mwaka gani. Rangi imekwisha, maandishi ya mtengenezaji hayasomeki, na mawe yake mawili yamelika upande. Hata hivyo kila asubuhi wakata miwa hupanga foleni mbele yake na mapanga yao, fundi wa matrekta hunoa patasi hapo, na mchomeleaji hulainisha vyuma vyake hapo hapo. Ikiharibika, kazi ya watu wengi husimama. Ndiyo maana sisi wa chama tumeona vema kuizungumzia mashine hii ndogo, ambayo haitajwi kamwe katika mikutano yetu ya mishahara.

Katika kiwanda kimoja ambacho tawi letu linakihudumia, grinda ya namna hii ilikuwa imelala stoo kwa miaka mingi. Msimu wa kukata miwa ulipokaribia, msimamizi aliwaamuru mafundi waiamshe. Wakabadilisha beringi, wakafunga waya mpya, na mashine ikazunguka bila kelele. Watu walipiga makofi. Lakini jiwe lilikuwa ni lile lile lililokaa sakafuni penye unyevu, na hakuna aliyelipima. Kinga ya upande wa kulia haikuonekana, ikasemwa itatafutwa baadaye. Siku ya tatu jiwe lilipasuka. Kijana aliyesimama mbele yake alipoteza jicho la kushoto. Ripoti ya ofisi iliandika kwamba sababu ni uzembe wa mfanyakazi.

Sisi tulilikataa neno hilo siku ile, na tunalikataa hata leo. Mafundi wale hawakuwa wazembe. Walifanya walichoamriwa, katika muda waliopewa, kwa vipuri walivyopewa. Walioamua kwamba mashine imepona kwa sababu mota inazunguka si wao.

Wala sisi hatupingi mashine kuukuu. Grinda za zamani nyingi zina mwili wa chuma kizito usiotetemeka, na fundi mwenye mikono mizuri anaweza kuzirudishia uhai wa miaka mingi. Waulizeni mafundi wa Katwe pale Kampala, au wa Kamukunji kule Nairobi, nao watawaambia kwamba chuma kilichotupwa na mwenye mali ndicho kinachowalisha watoto wao. Kufufua mashine ni ufundi wa kuheshimiwa. Tunachopinga ni kazi hiyo kukatwa katikati, na nusu iliyobaki kulipwa kwa macho na vidole vya wafanyakazi.

Sasa tuseme nusu hiyo ni ipi, ili kila mwakilishi wetu aweze kuikagua kwa macho yake mwenyewe.

Kwanza ni jiwe. Mama anaponunua chungu sokoni hukigonga kwa kidole asikilize kama kina ufa. Jiwe la grinda hupimwa hivyo hivyo. Likiwa kavu na safi, lining'inize kwa kijiti kilichopitishwa katika tundu lake, kisha uligonge taratibu kwa mpini wa mbao wa bisibisi, pande mbalimbali, karibu na ukingo. Jiwe zima hulia mlio mwangavu. Jiwe lenye ufa hutoa sauti iliyokufa. Hilo livunjwe papo hapo, wala lisirudishwe rafu, kwa maana mwenzako wa zamu ya usiku atalikuta na kulifunga. Mtu asidanganyike, lakini, kwamba mlio mzuri unamaliza kazi yote. Lazima pia asome mwendo ulioandikwa juu ya jiwe, na kuulinganisha na mwendo wa mota. Jiwe la milimita 200 likizungushwa mara 2,850 kwa dakika, ukingo wake unakimbia kiasi cha mita 30 kwa sekunde, yaani zaidi ya kilomita 100 kwa saa. Na katika zile mashine za zamani zinazovutwa kwa mkanda, puli ikibadilishwa na mwendo ukawa mara mbili, nguvu inayotaka kulipasua jiwe haiwi mara mbili, inakuwa mara nne.

Pili ni namna jiwe linavyofungwa. Visahani viwili vya kubana vinatakiwa kulingana kwa ukubwa, na kati ya kila kisahani na jiwe pawe na ile karatasi nene inayokuja na jiwe. Mtu akiitupa karatasi hiyo akidhani ni kibandiko tu, chuma hulibana jiwe mahali pamoja na kuanzisha ufa. Nati ya upande wa kushoto hufunguliwa kinyume na nati ya kawaida, kwa hiyo asiyejua huilazimisha kwa nyundo na kuharibu shafti. Jiwe lisilolingana na shafti lisilazimishwe, wala tundu lake lisitanuliwe.

Tatu ni kinga na kiegemeo. Kinga ifunike jiwe, na kiegemeo, yaani ile meza ndogo ya kuegemezea chuma unachonoa, kiwe karibu na jiwe kiasi kisichozidi milimita 3. Nafasi ikiwa kubwa, chuma huvutwa kikaingia kati ya kiegemeo na jiwe, na kidole hukifuata. Jiwe likilika, kiegemeo kisogezwe, lakini kisisogezwe kamwe wakati mashine inazunguka. Na mashine ikiwashwa baada ya jiwe jipya kufungwa, iachwe izunguke dakika nzima, watu wote wakiwa wamesimama pembeni.

Nne ni umeme. Waya wa ethi uwepo na uwe mzima. Mota kuukuu iliyopasuka kanga za waya zake huweza kuutia umeme mwili mzima wa mashine, na fundi anayeshika panga la chuma hana mahali pa kukimbilia.

Tano ndilo jambo linalosahauliwa kuliko yote, nalo ni kulichonga jiwe. Jiwe likitumika, uso wake hung'aa kama kioo, au hujaa vipande vya chuma laini. Hapo halikati tena, linasugua tu. Mfanyakazi husukuma kwa nguvu zaidi, chuma huchemka, na makali ya panga hugeuka rangi ya buluu. Rangi hiyo ni dalili kwamba ugumu wa chuma umekwisha. Panga lile litakuwa butu kabla ya saa nne, na mkata miwa anayelipwa kwa kipande atalipa hasara hiyo kwa jasho lake, bila kujua kwamba sababu iko karakana. Dawa yake ni kuuparua uso wa jiwe kwa kile kifaa chenye vigurudumu vya meno kama nyota, au kwa kijiti chenye ncha ya almasi. Kifaa huegemezwa imara, hupitishwa taratibu kutoka upande mmoja hadi mwingine, mpaka uso wote uwe mkavu wa rangi moja na jiwe lizunguke bila kuyumba. Kazi hii hutoa vumbi jingi na cheche, kwa hiyo miwani na kinga ya pua ni lazima. Ikiisha, kiegemeo kisogezwe tena, kwa maana jiwe limepungua.

Kazi hiyo yote, mwenye ujuzi akiifanya, ni ya dakika chache. Lakini dakika hizo ni za nani? Tumewauliza wenzetu katika karakana mbalimbali, na jibu ni lile lile: hakuna aliyepangiwa. Kifaa cha kuchonga kilipotea zamani, ombi la kununua kingine liko mezani kwa mhasibu, na anayejaribu kulichonga jiwe kwa kipande cha chuma kibovu huambiwa anachelewesha foleni. Basi tunasema wazi: kulitunza jiwe ni kazi. Iandikwe katika ratiba, itengewe mtu aliyefundishwa, na ilipwe kama kazi nyingine.

Meneja mmoja alituambia kwamba sisi tunataka mambo makubwa kwa mashine ndogo, na kwamba shamba halina fedha. Tulimjibu kwamba kifaa cha kuchongea, miwani na bati la kinga, vyote pamoja, haviwezi kulinganishwa na gharama ya jicho moja, hata kwa hesabu za ofisi yake mwenyewe. Kwa hesabu za mama yake yule kijana hatukuthubutu kusema.

Lakini haki ni lazima isemwe pande zote. Sisi wenyewe pia tuna makosa. Tumewaona wenzetu wakiifungua kinga ili wanoe upesi, na wakinoa kwa ubavu wa jiwe lisilotengenezwa kwa kazi hiyo. Tumemwona mtu akisaga alumini mpaka jiwe likajaa, kisha akaondoka kimya. Jambo hili si geni. Huko Sheffield, Uingereza, katika karne ya 19, wanoaji wa visu na uma walikuwa wakinoa kwa mawe ya mchanga, na vumbi la mawe hayo liliwaua mapafu wakiwa bado vijana. Friedrich Engels, katika kitabu chake cha mwaka 1845, alieleza kwamba baadhi yao walikataa vifaa vya kuondoa vumbi, wakihofu kwamba maisha yakiwa marefu watu wangeongezeka katika kazi hiyo na ujira ungeshuka. Tusiwacheke. Mtu anayelipwa kwa kipande hufundishwa kila siku kuiuza afya yake. Ndiyo maana hatusemi mfanyakazi aadhibiwe akiondoa kinga. Tunasema kiwango cha kazi kipangwe kiasi kwamba hana sababu ya kuiondoa.

Sheria iko upande wetu, ikiwa tutaijua. Shirika la Kazi Duniani lilipitisha Mkataba namba 119 mwaka 1963, unaokataza mashine zenye sehemu za hatari kutumiwa bila kinga. Mkataba namba 155 wa mwaka 1981 unasema kwamba hatua za usalama zisimgharimu mfanyakazi chochote, na kwamba anayejiondoa penye hatari kubwa iliyo karibu, akiwa na sababu ya haki, alindwe asiadhibiwe. Mwaka 2022 Shirika hilo liliuweka mkataba huu wa pili katika haki za msingi ambazo kila nchi mwanachama inapaswa kuziheshimu. Nazo nchi zetu zina sheria zake za usalama na afya kazini: Tanzania ya mwaka 2003, Uganda ya mwaka 2006 na Kenya ya mwaka 2007. Msimamizi akikuambia miwani itakatwa katika mshahara wako, mwulize ni sheria ipi inayosema hivyo.

Kwa hiyo tunawaomba wawakilishi wa matawi yote wayapeleke kwa waajiri madai haya manne:

1. Grinda yoyote iliyofufuliwa isianze kazi kabla ya kukaguliwa na fundi pamoja na mwakilishi wa wafanyakazi, na majina yao yaandikwe.

2. Kila karakana iwe na kifaa cha kuchongea jiwe, miwani ya kutosha, na mahali pakavu pa kuwekea mawe mapya.

3. Muda wa kupima na kuchonga mawe uhesabiwe kuwa muda wa kazi, na fundi anayefufua mashine alipwe kwa daraja la ufundi, si la kibarua.

4. Mfanyakazi anayekataa kutumia grinda isiyo na kinga asikatwe hata senti moja.

Mpaka madai hayo yakubaliwe, tufanye yaliyo mikononi mwetu. Kesho asubuhi, kabla foleni ya mapanga haijaanza, mwakilishi aende karakana na bisibisi yenye mpini wa mbao. Umeme uzimwe, mawe yafunguliwe na kupimwa moja moja. Lenye sauti iliyokufa lisirudi kwenye shafti, hata kama meneja amesimama pale akiangalia saa yake. Yule kijana tuliyemtaja sasa ni mlinzi wa geti. Kila tunapoingia katika kiwanda kile yeye ndiye anayetufungulia, naye hutuuliza kama grinda imewekewa kinga. Tungependa safari ijayo tumjibu ndiyo.

Umoja ni nguvu.