Kelele za Kocha Zinaziba Macho

Jumamosi asubuhi, kiwanja cha mchanga, watoto wa miaka 11 hivi. Kiungo mmoja, jezi imemfika magotini, kapokea mpira katikati huku kalipa goli la wapinzani mgongo. Papo hapo sauti tatu zikamvaa kutoka pembeni. Mwalimu wake: "Toa!" Mzazi mmoja: "Butua!" Na mzee ambaye sikujua cheo chake: "Acha mbwembwe!" Mtoto akabutua, mpira ukatoka nje. Kushoto kwake, hatua nane tu, mwenzake alikuwa amesimama peke yake kama anayesubiri daladala.

"Huyu hana umakini," mwalimu akasema.

Nakataa. Umakini alikuwa nao, tena wa kutosha. Aliumaliza wote kwenye zile sauti tatu.

Katika soka letu la watoto kuna imani mbili ambazo huenda pamoja. Ya kwanza ni kwamba umakini maana yake ni kukazia macho mpira na kumsikiliza mwalimu. Ya pili ni kwamba ubunifu ni kipaji tu: mtoto kazaliwa nacho, au hana. Ndiyo maana umakini tunaufundisha kwa ukali, na ubunifu tunamwachia Mungu.

Mwaka 1999 wanasaikolojia wa Marekani, Daniel Simons na Christopher Chabris, walichapisha jaribio lililokuja kuvuma sana. Watu walionyeshwa video ya vikundi viwili vikirushiana mpira wa kikapu, wakaambiwa wahesabu pasi za wenye fulana nyeupe. Katikati akapita mtu kavaa vazi la sokwe, akasimama, akajipiga kifua, akaenda zake. Karibu nusu ya watazamaji hawakumwona. Si kwamba walizubaa. Walikuwa makini mno, wanahesabu. Mwaka 2007 Daniel Memmert na Philip Furley wa Ujerumani wakaipima hali hiyo kwa wachezaji vijana wa mpira wa mikono. Walipopewa kazi ya kumfuatilia mpinzani mmoja, si wachache walioshindwa kumwona mwenzao aliyekuwa wazi kabisa. Maelekezo yalipoongezwa, mambo yakaharibika zaidi.

Ubunifu basi unaingilia hapa. Pasi ya kushangaza ni uamuzi kama uamuzi mwingine wowote, na hakuna anayeamua juu ya asichokiona. Geir Jordet wa Norway na wenzake walichunguza viungo na washambuliaji 118 wa Ligi Kuu ya Uingereza, wakihesabu mchezaji anageuza shingo mara ngapi kabla mpira haujamfikia. Waliochungulia zaidi ndio waliofikisha pasi zaidi. Kugeuza shingo ni mazoea, na mazoea hufundishika. Sisemi vipaji havipo. Nasema vingi tunavipoteza kwa kutazama chini.

Nitaambiwa: mtoto asiyeweza kutuliza mpira atainuaje kichwa? Hoja hiyo ni ya haki. Anayeanza lazima autazame mpira mpaka mguu uuzoee, na mchanga wetu wenye mashimo unamchelewesha, maana mpira ukidunda vibaya macho hurudi chini. Lakini kautazameni mpira wa chandimu, ule wa matambara na mifuko ya nailoni uliofungwa kamba. Haudundi, hauendi mbali, unakaa karibu na unyayo. Kwa hiyo macho yanapata nafasi. Na kiwanja hakina mistari, magoli ni ndala mbili, wakubwa na wadogo wamechanganyika, baiskeli inakatiza. Usipoangaza huku na huku unagongwa.

Baada ya mechi ile nilimwona yule kiungo nyuma ya goli, wanacheza watatu kwa watatu huku mwalimu anakusanya koni. Akamwekea mtu tobo, akatazama kulia, akatoa kushoto. Hakuna aliyemwambia kitu.

Wajerumani, ambao hakuna awasingiziaye uzembe, kuanzia msimu wa 2024/25 wamefanya lazima watoto wao wadogo kabisa wacheze wawili kwa wawili au watatu kwa watatu, na magoli madogo manne. Akili ya kanuni hiyo iko kwenye hayo manne: goli hili likizibwa kuna lile, kwa hiyo mtoto analazimika kutafuta. Hata sisi hatuhitaji fedha kwa hilo. Ndala nane zinatosha, na mwalimu anayesubiri mpira utoke kabla ya kuuliza, "Nani alikuwa peke yake pale?"

Mwalimu niliyemweleza haya alinijibu kwa swali moja: "Na tukifungwa je?" Mtafungwa, mwalimu, tena mechi kadhaa. Mabeki wa miaka 11 wakijaribu kupanga pasi langoni kwao hupokonywa, hilo halina ubishi. Lakini kombe unaloogopa kulikosa, zawadi yake ilikuwa mbuzi, na mbuzi yule aliliwa jioni ile ile, na waliokula zaidi walikuwa wale wa pembeni.