Shahada Isiyojua Bisibisi

Vyuo vyetu vikuu vikifanya maonyesho ya ubunifu, meza ya uhandisi tiba haikosi wapiga picha. Sina kinyongo. Vijana wa Makerere walibuni Mama-Ope, koti la kutambua nimonia kwa watoto. Brian Gitta na wenzake walibuni Matibabu, kifaa cha kupima malaria bila kuchoma kidole, na mwaka 2018 wakashinda Tuzo ya Afrika inayotolewa na taasisi ya kifalme ya uhandisi ya Uingereza. Ni mambo ya kujivunia. Lakini mimi natoka Koboko, na swali langu ni hili: mtoto akishatambuliwa kuwa ana nimonia, oksijeni atapewa na mashine gani?

Katika kituo kimoja cha afya cha huku kwetu, ambacho sitakitaja, mtoto wa dada yangu alifikishwa usiku akihema kama aliyekimbizwa. Mashine ya oksijeni ilikuwepo kwenye kona ya wodi, juu yake pamepangwa madaftari. "Hiyo ilikufa zamani," muuguzi akasema, bila aibu wala ukali, kama mtu anayetaja saa. Tukatafuta gari la kwenda Arua, zaidi ya kilomita 50. Mtoto alipona. Dada yangu mpaka leo akisikia gari limepiga breki usiku hushtuka.

Baadaye nilimwuliza fundi mmoja wa Arua mashine kama ile huuawa na nini. Alicheka, kisha akanieleza. Mashine huvuta hewa ya kawaida ya chumbani na kuisukuma kwenye chembe za madini yaitwayo zeolaiti. Zeolaiti hunasa naitrojeni na kuiacha oksijeni ipite kwenda kwa mgonjwa. Adui zake ni vumbi, unyevu na umeme unaopanda na kushuka. Kichujio cha nje kinatakiwa kuoshwa takriban kila wiki. Kisipooshwa, vumbi jekundu la West Nile hukiziba na kompresa hupata joto. Zeolaiti nayo ikishika unyevu hainasi tena naitrojeni. Hapo ndipo niliposhtuka: mashine haizimiki. Inaendelea kunguruma na kutoa mapovu kwenye chupa ya maji, huku mtoto akivutishwa hewa ileile anayovuta mlinzi wa getini.

Kuhusu umeme sihitaji kumkumbusha mtu wa Arua. Tulikaa miaka mingi nje ya gridi ya taifa, tukitegemea jenereta na kituo kidogo cha Nyagak cha megawati 3.5 kilichoanza kazi mwaka 2012. Mashine iliyoundwa kwa ajili ya soketi ya Ulaya ilikuja kuishi nasi katika hali hiyo.

Mwaka 2011 Lora Perry na Robert Malkin walichapisha uchambuzi wa orodha za vifaa vya hospitali zaidi ya 112,000 kutoka nchi 16. Walikuta takriban asilimia 38 ya vifaa hivyo havifanyi kazi. Sababu kuu walizotaja ni upungufu wa mafunzo, usimamizi mbovu wa vifaa na miundombinu duni. Nasisitiza kwamba huo ulikuwa utafiti, tena katika jarida la kisayansi, na mada yake ilikuwa vitu vilivyoharibika.

Nasema hivi kwa sababu nikiwagusa marafiki zangu wa uhandisi hunijibu kwamba kutengeneza ni kazi ya fundi wa stashahada. Wao wanasomea kubuni. Jibu hilo ndilo ninalolipinga. Mwaka 2016 mashine pekee ya mionzi ya saratani nchini, pale Mulago, iliharibika kabisa, na mpya haikuzinduliwa hadi mwanzoni mwa 2018. Kuamua mashine ya mwaka 1995 ibadilishwe lini, kipuri kiagizwe kabla ya kuvunjika, data ya uharibifu itunzwe vipi: huo si uhandisi? Au uhandisi ni ule tu unaopanda jukwaani?

Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Arua ina karakana ya vifaa vya tiba inayohudumia wilaya za West Nile, Koboko ikiwemo. Walimu wa Makerere na Mbarara wanaofundisha uhandisi tiba wamlete kila mwanafunzi wa mwaka wa mwisho hapo kwa muhula mzima, si wiki mbili za kusainiwa fomu. Apewe mashine iliyokufa. Aifufue, au aandike kwa ushahidi kwa nini haifufuki, na maandishi hayo ndiyo yawe tasnifu yake. Chuo Kikuu cha Muni kiko hapahapa Arua na kinafundisha uuguzi. Wauguzi wake na wahandisi hao wakae darasa moja, mbele ya mashine moja, kwani anayegusa mashine saa nane ya usiku ni muuguzi.

Mtaniuliza mwanafunzi wa Kiswahili ametafuta nini humu. Nimetafuta lugha. Kitabu cha maelekezo cha mashine ile kilikuwa cha Kiingereza, kimefungiwa kabatini. Wodi za Koboko zina muuguzi aliyepangiwa kutoka mbali, mfagizi Mkakwa, mgonjwa aliyevuka kutoka Kongo na mwingine kutoka Sudan Kusini. Mara nyingi wanakutana kwa Kiswahili. Sisi humu chuoni tunabishana kuhusu ngeli za maneno ya kigeni na hatujaandika hata karatasi moja ya kubandikwa kwenye mashine.

Mimi nimeandika yangu. Walimu wanisahihishe kabla sijaipeleka: "Kila Jumatatu, zima mashine na uchomoe waya. Toa kichujio. Kioshe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni. Kisuuze. Kikauke kabisa ndipo ukirudishe. Usiweke kitu juu ya mashine."