Machozi Kwanza, Mavuno Baadaye

Mapema mwaka 2020 nzige waliotoka pande za Ethiopia na Somalia walitanda Samburu, Isiolo, Meru na Kitui. Wakulima na wafugaji wakabaki kutazama mabua na vichaka vitupu. Mkristo wa huko aliyefungua kitabu cha nabii Yoeli aliliona shamba lake mle: nzige, njaa, kisha ahadi ya Mungu ya kurudisha kilichoteketea.

Ahadi hiyo ni tamu, lakini wengi wetu huirukia upesi mno. Aliyefiwa au kufilisika huambiwa anyamaze, asije akaonekana hana imani. Yoeli hakufanya hivyo. Kwanza aliwataka wakulima na makuhani waomboleze; akaagiza wakusanyike wazee na hata watoto wanyonyao. Ndipo ikaja ahadi, tena kwa taifa zima.

Basi, ndugu msomaji, baada ya dhiki faraja, lakini mwenye dhiki hakatazwi kulia. Kabla hujamwambia jirani kwamba Mungu atamrudishia, keti naye katika majonzi yake, kisha mpelekee kibaba cha mbegu. Huenda mkono ambao Mungu anautumia kurudisha ni huo wako.