Nani Alikupokea Wewe?

Mwezi huu naanza na ugomvi. Ugomvi wangu mwenyewe, ndani ya nyumba yangu, Agosti 2014, na naomba usinihukumu mpaka umalize ukurasa.

Tulikuwa na miezi mitano ya ndoa. Mume wangu alikuwa mfanyakazi wa Chuo Kikuu cha Texas A&M, mjini College Station, Marekani, kwenye maabara ya udongo. Mimi nilimfuata mwezi wa tano, shahada yangu ya mawasiliano nimeikunja kwenye begi, na viza ya mke wa mfanyakazi ambayo haikuniruhusu kuajiriwa. Jioni moja akaingia ndani anacheka peke yake. Kulikoni? Eti wanafunzi wameamua kuipa kambi jina lake.

Kambi gani tena?

Hapo ndipo nilipoijua Fish Camp. Pale chuoni kwao mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anaitwa "fish", yaani samaki. Kila Agosti, kabla masomo hayajaanza, samaki hao hupakiwa kwenye mabasi na kupelekwa Lakeview, kituo cha Wamethodisti kilicho katikati ya misonobari karibu na mji mdogo wa Palestine, mashariki mwa Texas. Hukaa siku nne. Jambo hilo lilianza mwaka 1954, bwana mmoja wa YMCA ya pale chuoni, Gordon Gay, alipowachukua vijana wachache wapya wakalale nje ya mji wazoeane. Siku hizi wanakwenda maelfu, kwa awamu, na kila awamu hugawanywa kwenye kambi ndogo ndogo, kila moja na rangi yake. Wanafunzi waliotangulia ndio wanaowapokea wapya, bila malipo. Na kila kambi hubeba jina la mtu: mhadhiri, mfanyakazi wa ofisini, au mtu wa mjini tu ambaye vijana wanaona amewafaa. Mtu huyo hualikwa kambini aongee nao, ale nao, ajibu maswali yao. Halipwi hata senti. Anapata fulana.

Mume wangu alichaguliwa na vijana waliokuwa wakiosha vyombo pale maabara. Ni watu wa kuosha chupa tu, lakini yeye alikuwa anawajua mpaka majina ya mama zao. Na jina lenyewe lililochapwa kwenye fulana ni la babu yake, mvuvi wa Pangani. Mvuvi kupewa kambi ya samaki! Ningekuwa sijanuna, ningecheka.

Nilinuna, tena sana. Aliambiwa anaweza kwenda hata siku moja tu, yeye akataka zote nne. Alikata siku za likizo, zile zile tulizosema tutakwenda nazo kuiona bahari kule Galveston. Hakuniuliza. Aliniambia, kwa furaha, kama vile furaha yake ni yangu moja kwa moja.

Asubuhi ya safari nikamfungia sambusa kwenye foili, nikamwambia safari njema. Mlango ulipofunga, nikakaa kwenye kochi nikautazama.

Sasa sikiliza hali yangu ilivyokuwa. Mashine za kufulia za pale tulipopanga zilikuwa zinakula sarafu za robo dola peke yake, na mimi sikujua sarafu zinapatikana wapi, kwa hiyo nilikuwa nafua kwenye sinki. Joto la Agosti la Texas linafika nyuzi 38, halina upepo wa bahari, na barabarani watembea kwa miguu tulikuwa mimi na paka. Siku ya pili ya kambi nikajipa moyo nikapanda basi kwenda sokoni. Mimi mtu wa daladala: nikitaka kushuka nasema "shusha". Pale hakuna konda. Kuna kamba inapita juu ya dirisha, unaivuta, kengele inalia, dereva anasimama. Hakuna aliyeniambia habari ya kamba. Nilipita kituo changu, nikarudi nacho, nikakipita tena. Nikashuka mwisho wa njia pamoja na mama mmoja aliyedhani nalia kwa sababu nimefiwa.

Na usidhani sikuandaliwa na kwetu. Nilifundwa mie! Kicheni pati ilijaa ukumbi, na somo wangu akanikalisha siku mbili nzima. Nilijua kumpokea mume mlangoni, nilijua maji ya kuoga yawe ya moto kiasi gani, nilijua kunyamaza mwenzangu akiwa na hasira (hili la mwisho halikukaa). Nilifundwa mume. Mji wake hakuna aliyenifunda.

Alirudi siku ya nne sauti imekauka kwa kupiga kelele za kambi, uso umeungua, fulana imejaa saini za watoto wa watu. Akaanza kusimulia. Wamewafundisha vijana kusalimiana "Howdy" na kila wanayempita. Wamewaonyesha wapi pa kula, nani wa kumwendea ukifeli, nani wa kumwendea ukikumbuka nyumbani. Kuna kijana alikuwa haongei tangu apande basi, siku ya tatu akamfuata akamwambia baba yake amefungwa. Wakakaa wote wawili kwenye ngazi mpaka usiku.

Nikamwacha amalize. Halafu nikasema, "Hongera. Umewafundisha watoto wa wenzio pa kwenda wakikumbuka nyumbani. Mkeo anafua kwenye sinki."

Msomaji, huo ndio ugomvi wenyewe. Sitaki kuuandika wote. Naandika sehemu mbili tu.

Ya kwanza ni yake. Alisema, "Si nilikuwa nakuuliza kila siku, unasema uko poa?" Na ni kweli, alikuwa anauliza. Alikuwa anauliza huku anafungua laptop, na mimi nilikuwa najibu "poa" kwa sababu niliogopa kuonekana mke wa kulialia aliyeletwa Marekani akashindwa hata kufua nguo. Kwa hiyo tulikuwa tunadanganyana kwa heshima, asubuhi na jioni.

Ya pili ni alivyonieleza kwa nini alikwenda. Alifika pale Desemba 2008 kuanza shahada ya pili. Kambi ya samaki ni ya wale wanaoanza shahada ya kwanza, yeye haikumhusu. Chuo kilikuwa likizo ya Krismasi, mabweni kimya, mabwalo yamefungwa. Siku tatu alikula mkate na maji ya bomba, maana hakujua duka liko upande gani na hakuna mtu wa kumuuliza. Mzee mmoja mfagizi wa jengo alimkuta kwenye korido, akamwangalia tu, akampakia kwenye pikapu yake mpaka dukani, akamsubiri, akamrudisha. Mume wangu hata jina la mzee yule hakulishika. Ndiyo maana, akasema, akiombwa kuwapokea wageni hawezi kukataa.

Nikamwambia, "Kwa hiyo ulikuwa unajua."

Hakujibu. Alitoka akaenda kukaa kwenye ngazi za nje, na mimi sikumfuata.

Jumamosi ile akaniamsha mapema tukapanda basi. Tulizunguka njia nzima, mwanzo mpaka mwisho, mara mbili, ananitajia kila kituo, na kila aliponikonyeza nilivuta kamba, dereva mpaka akatuchoka. Benki tukabadilisha noti ya dola 20 kuwa sarafu, kimfuko kizito kama cha kungwi. Humo ndani ya basi akanisimulia kuhusu Muster, ambayo vijana huelezwa wakiwa bado wageni. Kila tarehe 21 Aprili watu wa chuo kile hukusanyika popote walipo, huyasoma majina ya wenzao waliofariki mwaka ule, na kila jina likiitwa, ndugu au rafiki huitika kwa niaba yake, "Nipo." Sijui kwa nini, nililia hapo hapo kwenye kiti. Pengine kwa sababu tangu mwezi wa tano nilikuwa sijasikia mtu akiniita jina langu zaidi ya yeye.

Sikuandika haya ili uwakataze wenzio kujitolea. Hata kwenye vyuo vyetu hapa nyumbani, wiki ya wanafunzi wapya wapo wafanyakazi wanaobaki mpaka usiku kumtafutia godoro mtoto aliyeshuka kutoka Kigoma, na hakuna anayewaandika gazetini. Nawaheshimu. Ila mwenye mwenza akijitolea, ametoa muda wa watu wawili, na yule wa pili anastahili kuulizwa kabla, siyo kuarifiwa. Tena kuulizwa kwenyewe siyo "uko poa?" Uliza "leo umekwenda wapi, umeongea na nani?" Jibu likiwa sipo popote, sijaongea na mtu, hapo una mgeni ndani.

Na wageni wa namna hiyo ni wengi. Tangu serikali ilipoanza kuhamia Dodoma mwaka 2016, nimesikiliza wanawake waliofuata waume, na wanaume waliofuata wake (hawa ndio hawasemi kabisa), wanaojua rangi ya kila ukuta wa nyumba na hawajui jina la jirani. Mwenzake anaondoka asubuhi kwenda kuwahudumia wananchi. Nami nauliza, kuna aliyemwonyesha kituo cha daladala?

Niandikie. Ulipohamia mji wa mwenzio, nani alikupokea, na ulikaa muda gani kabla hujasema ukweli? Barua nzuri nitazitoa mwezi ujao.

Fulana ya kambi bado tunayo, hapa Dar. Imepauka, saini zimefutika, jina la babu ndilo limebaki mgongoni kwa herufi kubwa. Mimi ndiye ninayeivaa nikifua. Juzi fundi bomba kaisoma, akauliza hiyo timu inacheza ligi gani.