Dishi la Kisumu halilengwi kama la London

Darubini ya bunduki ina skrubu mbili za kurekebisha: moja ya juu na chini, nyingine ya kushoto na kulia. Uwindaji ulipigwa marufuku Kenya mwaka 1977, kwa hiyo wengi wetu hatutawahi kuzigusa. Lakini dishi la TV pale juu ya mabati lina marekebisho hayo hayo mawili, na hapa Kisumu tunayafanya kwa kukariri tu.

Mimi nasema miongozo ya Ulaya inatupoteza. Yote inaanza na dira. Sawa, mtu wa London akitafuta setilaiti ya nyuzi 28.2 mashariki, analenga nyuzi 25 hivi juu ya upeo wa macho. Akikosea dira kwa nyuzi 10, amepotea. Sasa piga hesabu ya Kisumu. Tuko karibu kabisa na ikweta, longitudo 34.75. Setilaiti ya DStv iko nyuzi 36. Tofauti ni nyuzi moja na robo, maana yake unalenga nyuzi 88.5. Utosini! Geuza dishi nyuzi 10 kwenye nguzo yake, mlengo unasogea robo tu ya nyuzi.

Ila ukigeuza dishi umegeuza na LNB. Mawimbi huja mengine yamesimama, mengine yamelala, na LNB iliyopinda inayachanganya. Kwa hiyo rekebisho linaloitwa la kushoto na kulia, hapa kwetu kazi yake hasa ni kupindisha LNB. Waandika programu wenzangu mnaijua hali hii: jina la fanksheni linasema hivi, kodi inafanya vile.

Na usiamini macho. Madishi mengi ya nyumbani ni ya ofseti, uso wake huangalia nyuzi 20 na ushei chini ya linapolenga.

Kinachoniudhi ni fundi anayeshuka ngazi mara tu picha inapotokea. Picha ni ile ile, uwe na akiba kubwa ya signali au kiduchu. Mvua ya jioni kutoka ziwani inakula akiba hiyo, picha inaganda, na unamlipa tena eti "mvua imeharibu". Mwambie afungue ukurasa wa signali kwenye dekoda, atazame ubora, si nguvu (nguvu inahesabu hata kelele). Asogeze upande mmoja mpaka ubora ushuke, kisha upande wa pili, halafu arudi katikati. LNB vivyo hivyo. Akishakaza nati atazame tena, maana kukaza kwenyewe kunasogeza dishi.